Amesamehewa kosa gani?

"Mimi ni mwalimu wa elimu ya uraia na maadili katika shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka huu katika darasa la 7 nina wanafunzi 63, na wawili kati yao wana ulemavu. Mvulana wa miaka 14 alipata polio akiwa mtoto mdogo. Anakuja shuleni kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Msichana wa miaka 13 hasikii tangu alipougua sana akiwa na miaka mitano. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, ambaye si mtu mbaya, ameniambia niwasamehe wote wawili: wasije kwenye kupandisha bendera asubuhi kwa sababu mmoja hawezi kusimama na mwingine hawezi kuimba, wasifanye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi wa shule, wasigombee ushefu wa darasa. Msichana ninamwekea alama za katikati bila kumuuliza kitu. Niliona ni huruma. Lakini wiki iliyopita nilikuwa nafundisha usawa wa raia, yule mvulana akanyosha mkono akauliza: 'Mwalimu, na mimi ni raia?' Darasa lote likacheka. Sikuwa na jibu. Mzazi mmoja anasema wapelekwe kwenye shule zao. Sijapata mafunzo yoyote ya kufundisha watoto kama hawa. Nifanye nini?"

Mwalimu mwenzangu, nianze na yule mvulana. Swali lake halikuwa la kukutega. Alikuwa amelisikiliza somo lako vizuri kuliko darasa zima. Alichukua ulichoandika kwenye tablo, yaani ubaoni, akakilinganisha na anachokiona kila asubuhi akiwa kando ya ukuta huku wenzake wameizunguka bendera, akaona hesabu haitoki. Akaomba ufafanuzi mbele za watu. Mtoto wa miaka 14 anayefanya hivyo ameshafika mahali ambapo kipindi chako kinataka kuwafikisha wote 63.

Unauliza ufanye nini, na mambo ya kufanya nitakuambia. Ila ninavyoisoma barua yako, kinachokunyima usingizi ni kingine: je, kumsamehe mtoto ni kumsaidia? Tuanzie hapo, kwa sababu usipolitatua hilo, mbinu zote nitakazokupa zitaishia kwenye daftari.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Tunamsamehe aliyekosa, na tunamsamehe mtu kazi au malipo. Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe umesamehewa" ana haki ya kujiuliza amekosa nini. Tena msamaha wa namna hii hakuuomba, na hawezi kuukataa. Wewe na prefe mliutoa kwa moyo mwema, sina shaka hata kidogo. Lakini uangalie kwa macho yake: bendera ni ya wote, yeye yuko kando, uwanja ni wa wote, yeye haufagii, shefu anachaguliwa na wote, yeye hachaguliki. Ni kama mgeni aliyekuja kutembelea nyumba ya watu. Mgeni anaketishwa pazuri, hashikishwi ufagio, anapewa chakula kwanza. Wala haulizwi neno mambo ya nyumba yanapoamuliwa.

Na wale 61 waliobaki nao wamejifunza. Wengi wetu tuliosomea ualimu tulidhani uraia unaingia kwa maelezo: unaandika maana yake, wanafunzi wanaikopi kwenye kaye, yaani daftari zao, wanaikariri, wanaijibu kwenye mtihani. Ukweli ni kwamba mtoto anajifunza uraia kwa kuangalia nani anasimama wapi. Kipindi chako ni saa chache kwa wiki, bendera ni kila asubuhi. Ukisema siku moja kwamba raia wote ni sawa, halafu uwanja ukasema siku sita kwamba baadhi wanakaa kando, mtoto ataamini uwanja. Kicheko kilichokuumiza hakikutoka kwenye ubaya wa watoto. Kwao swali lilikuwa na jibu tayari, walilipata kwetu sisi wakubwa, na ndiyo maana wakashangaa kwamba mtu analiuliza.

Sasa bendera. Wimbo wetu wa taifa unaanza na neno "Debout", yaani simameni, na naona prefe amelichukua neno hilo kwa miguu. Kusimama kunakotajwa pale ni kwa watu walioamka pamoja baada ya kuinamishwa muda mrefu. Hakuna daktari anayekagua magoti. Heshima kwa bendera inaonekana katika kutulia, kuvua kofia, kuelekeza uso, kunyamaza au kuimba. Mvulana wako anaweza yote hayo akiwa kwenye baiskeli yake. Mahali pake ni kwenye mstari wa darasa lake, na ni afadhali awe mbele, kwa sababu akiwa nyuma ataona migongo tu. Msichana naye anaweza kutulia na kutazama. Kimya chake si dharau, na mtu akikuambia ni dharau, muulize kama wanafunzi wote wanaofungua midomo asubuhi wanaimba kweli.

Tena fikiri: kupandisha bendera ni kazi ya nini? Ni kazi ya mikono na macho. Mtu anavuta kamba, mwingine anaangalia kitambaa kisijikunje. Mvulana anayezungusha baiskeli kwa mikono kila siku kwenye barabara za vumbi za Katuba, na wakati wa masika kwenye matope, huenda ana mikono yenye nguvu kuliko mwanafunzi yeyote wa shule yako. Mmemweka kando katika kazi ambayo mwili wake unaiweza kuliko wengine. Silisemi ili kukuumiza. Ninalisema kwa sababu ndivyo msamaha wa jumla unavyofanya: unamtazama mtu, unaona miguu tu, halafu unaacha kutazama.

Hapo inafaa uujue ulemavu wenyewe, kwa sababu woga mwingi wa walimu unatokana na kutojua. Virusi vya polio vinashambulia zile seli za neva katika uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Seli zikifa, misuli inakosa amri, inanywea. Akili haiguswi, na hata hisia za ngozi kwa kawaida zinabaki. Haambukizi mtu leo, na hakuna alichokosea yeye wala mama yake. Ukisikia mtu anaingiza laana au uchawi, hata kwa mzaha, simama imara: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inahesabu kumshitaki mtoto kwa uchawi kuwa kosa lenye adhabu. Hilo si jambo la kujadiliana na mchungaji wala jirani.

Kwa msichana nitakaa zaidi, kwa sababu yake ni ngumu zaidi na inaeleweka vibaya zaidi. Kwanza, kutosikia si kuwa bubu. Alisikia mpaka miaka mitano, maana yake alikuwa ameshajua Kiswahili cha nyumbani, na huenda bado anakisema, ingawa sauti yake imebadilika kwa sababu hajisikii. Kifaransa ndicho hajawahi kukisikia vizuri hata mara moja. Alianza shule masikio yakiwa yamefungwa, na lugha ya masomo akaipata kwa macho tu, kwenye tablo. Kwa hiyo akikosa swali la Kifaransa, usihukumu kwamba hajui jambo. Muulize jambo lile lile kwa Kiswahili cha kuandika, au kwa mchoro, uone.

Pili, walimu wengi wanadhani mtoto kiziwi anasoma midomo na inatosha. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: papa, baba, mama. Umeona? Midomo inafanya jambo moja mara tatu. Sauti nyingi hazionekani kabisa, zinatengenezwa ndani ya kinywa au kooni. Mtu hodari anakamata sehemu tu, mengine anayabahatisha kwa maana ya mazungumzo, na anachoka kama aliyebeba gunia. Ukiongeza mwalimu anayesema huku ameugeukia tablo, au anayesimama dirishani mwanga ukiwa mgongoni mwake, msichana anabaki na kivuli kinachotikisika.

Tatu, zile alama za katikati. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Alama isiyopimwa ni uongo, na yeye anajua kwamba ni uongo. Inamwambia kwamba hata akijitahidi hakuna atakayeona, hata akizembea hakuna atakayejali. Siku ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hakuna atakayempa alama za katikati kwa huruma. Mpe mtihani. Maswali yawe ya kuandika, maelekezo yote yawe kwenye karatasi au tablo, mpe dakika za ziada kama anazihitaji, halafu sahihisha kwa haki. Akipata 4 kwa 10, hiyo 4 ni yake, nawe utajua pa kuanzia.

Utaniambia: nina watoto 63, siwezi kufundisha madarasa mawili kwa pamoja. Ni kweli, 63 ni wengi mno, na anayekuambia ni rahisi hajawahi kusimama mbele yao. Lakini mengi ninayokushauri hayaongezi kazi, yanabadilisha mpangilio tu. Muweke benchi la mbele, upande ambao mwanga unaangukia uso wako. Kabla hujasema, andika maneno matano au sita ya msingi ya somo kwenye tablo, ukiandika, nyamaza, ukisema, wageukie. Mpe jirani mwenye mwandiko mzuri anayemwachia kaye yake aikopi, na umbadilishe jirani huyo kila wiki mbili, maana rafiki akigeuzwa mtumishi urafiki unakufa. Kabla mtu hajajibu swali, anyoshe mkono na wewe umwonyeshe kwa kidole, ili msichana ajue pa kutazama. Utashangaa kuona wanaonufaika na maneno yaliyoandikwa kwanza ni wengi: katika darasa la Katuba, wangapi wanafuata Kifaransa chako chote kwa masikio?

Kuna kitu kimoja huwezi kumpa peke yako, nacho ni lugha ya ishara. Hiyo ni lugha kamili, ina sarufi yake, si kupungapunga mikono. Ile inayotumika katika shule nyingi za viziwi za nchi zetu zinazotumia Kifaransa ina asili ya Marekani. Ilienezwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Alianzisha shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957, akaendelea nchi kwa nchi mpaka kwetu, na akafariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Ninamtaja kwa sababu nataka msichana wako amjue. Katika kipindi cha uraia tunafundisha mashujaa wengi, na sijaona kaye ya mwanafunzi yenye jina la huyu.

Hilo linatufikisha kwa yule mzazi anayesema wapelekwe kwenye shule zao. Jibu langu si moja kwa wote wawili, na ninakuomba usimruhusu mtu awafunge kwenye kifurushi kimoja kwa sababu tu wote wanaitwa walemavu.

Mvulana abaki. Hakuna chochote katika polio kinachohitaji mwalimu wa pekee. Anachohitaji ni mlango, choo na benchi. Kumhamisha shule kwa sababu ya ngazi mbili ni kumhamisha mtoto badala ya kuzirekebisha ngazi.

Kwa msichana ninapima zaidi. Mtoto kiziwi aliye peke yake kati ya watoto 63, bila mtu hata mmoja anayejua ishara, anaweza kuwa ndani ya darasa kwa mwili tu. Shule yenye walimu na wenzake wanaotumia ishara inaweza kumpa kitu ambacho wema wako hauwezi kumpa: kutaniana, kugombana, kuelewa bila kubahatisha. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2015 na ambao unasisitiza watoto wasome pamoja, unasema katika ibara ya 24 kwamba wasioona na viziwi wafundishwe kwa lugha na katika mazingira yanayowafaa zaidi. Kwa upande mwingine, shule hiyo inaweza kuwa mbali, nauli ikaishinda familia, akalazimika kulala mbali na nyumbani, au masomo yake yasifike anakotaka kwenda. Njia ya katikati ipo pia: abaki kwako, na siku za Jumamosi au likizo akutane na viziwi wakubwa wa mjini wamfundishe ishara, yeye na ndugu zake wa nyumbani, kisha wewe na darasa mjifunze ishara kumi kwa wiki kutoka kwake. Mimi binafsi ningeanza na hiyo, nikaitazama mwisho wa mwaka kwa ukweli. Lakini anayetakiwa kuulizwa kwanza ni yeye. Ana miaka 13, ana maoni. Je, kuna aliyemuuliza?

Sheria sasa, kwa kifupi, kwa sababu huenda ukaihitaji mbele ya prefe. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za kumlinda, na inaipa serikali wajibu wa kukuza uwepo wake katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Soma tena neno hilo, uwepo. Katiba haikusema aangaliwe tu. Ilisema awe ndani. Ibara ileile ilidai sheria ya kuitekeleza, tukaisubiri miaka 16, mpaka sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Ibara ya 45 inazipa mamlaka wajibu wa kufundisha haki za binadamu na wajibu wa raia, na tangu mwaka 2024 wizara yetu yenyewe inaitwa ya Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kukataa kufanya marekebisho yanayofaa, yasiyo mzigo uliopita kiasi, ni ubaguzi. Kwa hiyo kuwatendea wote namna moja si lazima kuwe usawa. Ukiwapa watoto wote ngazi zilezile, umewatendea sawa, na mmoja amebaki nje.

Mara nyingi katika mikutano ya wazazi mtu husimama akasema "hujafa hujaumbika," na wote wakaitikia kwa kichwa. Ni methali nzuri, imewanyamazisha wengi waliotaka kucheka. Lakini darasani kwako usiifanye msingi wa somo. Inatufundisha kumheshimu mwenzetu kwa kuogopa ya kesho, kwamba hata sisi twaweza kuvunjika. Mvulana wako hakuuliza kama mnaogopa kuwa kama yeye. Aliuliza kama ni raia.

Tuje kwenye wajibu, kwa sababu raia hapewi haki tu. Kuhusu salongo, kwa msichana sioni sababu hata moja ya kumsamehe, masikio hayafagii. Mvulana anaweza kupalilia bustani akiwa ameketi chini, kumwagilia, kuhesabu na kugawa majembe na fagio na kuhakikisha zinarudi zote. Usimchagulie wewe. Mwambie kazi za siku ni hizi, achague yake kama wengine, na akichagua jambo linalokutia wasiwasi, mwache ajaribu. Kuna siku atashindwa, na hilo nalo limo.

Ushefu wa darasa vilevile. Wagombee wakitaka. Ila ninakuonya juu ya kosa la upande wa pili, ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye nia njema: kumpa mtoto cheo ili kuonyesha wageni kwamba shule inawajali. Asipigiwe kura za huruma, na wewe usizipange kura. Awe na haki ya kushinda na haki ya kushindwa kabisa, arudi nyumbani amekasirika kama mgombea mwingine yeyote. Kama msichana akishinda, mnaweza kukubaliana kwamba msaidizi wake ashughulikie yanayotaka kusikia, naye ashike orodha ya mahudhurio, ratiba na mawasiliano ya kuandika na ofisi. Mashefu wengi wanagawana kazi hivyo, hata wanaosikia.

Mkipiga kura, pigeni kwa siri na kwa makini, maana hapo unafundisha jambo kubwa. Ibara ya 5 ya Katiba inasema kila Mkongomani aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na kisiasa ni mpiga kura, na anaweza kuchaguliwa. Haitaji miguu wala masikio wala macho. Sheria ya uchaguzi inamruhusu asiyeweza kupiga kura peke yake kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Waulize wanafunzi: mashine zile za kugusa kioo tulizoanza kuzitumia mwaka 2018 zina picha za wagombea, zinamsaidia asiyejua kusoma; je, asiyeona atagusa wapi, na siri yake itabaki kwa nani? Waache wabishane. Halafu wape kazi ya kubuni kura ambayo mtu aliyefumba macho anaweza kuipiga mwenyewe. Wengine watakuja na mbegu, hindi kwa mmoja na haragwe kwa mwingine, nyuma ya pazia. Hapo umefundisha uchaguzi kuliko kurasa kumi za kaye.

Kazi nyingine ninayoipenda ni kuipima shule. Wagawe kwa vikundi na futi au kamba yenye mafundo, wapime kila mlango, kila ngazi, choo, mfereji wa mbele ya geti. Mteremko wa kupitisha magurudumu bila kumtia mtu hatarini unahitaji urefu mara kumi na mbili ya kimo chake. Ngazi mbili za sentimeta 15 ni sentimeta 30, kwa hiyo mteremko wa mita 3 na sentimeta 60: matofali, simenti kidogo, na baba mmoja fundi. Mwombe mvulana ruhusa kwanza. Akisema hataki shule nzima ipime njia zake, mpimie mama mjamzito au bibi wa mmoja wao mwenye fimbo. Hesabu ni ileile. Kuhusu mfereji ulio nje ya geti, ambao si wa shule, ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Waandike kwa mkuu wa komini, yaani wa utawala wa eneo lenu la mji. Wahesabu siku. Jibu likija wamejifunza, lisipokuja wamejifunza pia, na wataandika tena.

Na choo. Hakuna anayetaja choo katika barua, nami nakitaja kila mara. Watoto wengi wanaotumia baiskeli au magongo hawanywi maji tangu asubuhi mpaka wanaporudi nyumbani, kwa sababu mlango wa choo ni mwembamba au chini ni matope na hakuna pa kushika. Mtu anakaa saa sita na kiu, anaumwa kichwa, mwalimu anasema hasikilizi. Muulize mvulana faraghani, mwanamume amuulize kama wewe ni mama. Upana wa sentimeta 90 na bomba moja la kushikia ukutani vinabadilisha mwaka wake wote.

Kwa prefe usiende na Katiba mkononi siku ya kwanza. Umesema si mtu mbaya, nakuamini. Nadhani anaogopa mtoto kuanguka na wazazi kulalamika. Nenda na jambo moja lisilogharimu franka: warudi kwenye bendera. Likifanikiwa wiki mbili, leta la pili. Yanayohitaji fedha yapeleke kwenye kamati ya wazazi na kamati ya usimamizi ya shule, ukiwa na vipimo vya wanafunzi wako, na umwalike mzazi wa mvulana aseme mwenyewe. Akikataa kila kitu, hapo ndipo sheria ya 2022 inatoka mfukoni, na inspekta wa elimu anaandikiwa.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi, na wewe darasani huwezi. Msichana anahitaji kupimwa masikio na daktari. Kama alipata meningitisi, yaani homa ya uti wa mgongo, au aliharibiwa na dawa kali, huenda sikio la ndani halitarudi, lakini wengi wana usikivu uliobaki, na kipimo ndicho kitakachosema kama kifaa kitamfaa. Kama sikio linatoa usaha au linauma, asisubiri, kwa sababu hilo linatibika na likiachwa linaharibu zaidi. Waanzie hospitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu. Mvulana yuko katika miaka ya kurefuka. Mgongo ukianza kupinda, goti likikataa kunyooka, vyuma vya miguu, kama anavivaa, vikimbana au mabega yakimuuma kila siku, amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema. Na mtoto yeyote kati yao akianza kunyamaza kuliko kawaida, kukataa kuja shuleni, kuogopa mtu fulani, au ukiona alama mwilini, usifanye uchunguzi wako mwenyewe: mwendee mzazi unayemwamini na ofisi ya mambo ya jamii siku hiyohiyo. Watoto wenye ulemavu wanatendewa vibaya kwa urahisi kwa sababu anayewaumiza anadhani hawatasema au hawataaminiwa.

Limebaki jibu unalodaiwa. Usimjibu faraghani tu, kwa sababu aliuliza mbele ya wote na kicheko kilitoka kwa wote. Rudi darasani, andika swali lake kwenye tablo kama lilivyo, useme kwamba lilikuwa swali zuri kuliko yote uliyoulizwa mwaka huu na kwamba ulichelewa kulijibu. Mwambie ndiyo. Halafu uwaambie kwamba shule ilikuwa imekosea kumweka yeye na mwenzake kando, na kwamba hilo linabadilika. Mwalimu hapungukiwi kitu akikiri.

Ila kabla ya siku hiyo, muulize pembeni kama angependa kuvuta kamba ya bendera Jumatatu, na akisema hapana, iwe hapana. Akisema ndiyo, nenda Ijumaa jioni na baiskeli yake mpaka kwenye mlingoti. Tazama kama magurudumu yanafika bila kuzama mchangani, na kama fundo la kamba liko mahali mkono wake unafika akiwa ameketi. Kama liko juu mno, lishusheni.